Konseto ya fidla ya Ligeti: ule ukungu wa sauti unatoka wapi hasa?

#1 NotaKavu
Habari za jioni wakuu. Leo nataka ubishi. Kila anayeeleza konseto ya fidla ya mtunzi György Ligeti (fidla moja ya mbele pamoja na okestra) huanza na zile ala mbili za okestra zilizotyuniwa kivyake, fidla moja iliyopandishwa na viola moja iliyoshushwa. Kisha anahitimisha kwamba ukungu wote ule, ile hali ya okestra nzima kusikika kama imeachia, unatoka hapo. Sikubali. Wapiga nyuzi mle ndani ni 11 tu: fidla 5, viola 3, selo 2, besi 1. Ukiwaongeza wapulizaji na wapiga ngoma unafika ishirini na kitu. Wawili hawawezi kuchafua hewa ya wote hao. Ninavyosikia mimi kazi yote inafanywa na okarina, vile vyombo vidogo vya kupuliza wanavyoshikishwa wapulizaji. Anayepinga aje na hesabu, hadithi tunazo za kutosha.

#2 FundiDaraja
Hesabu umeitaka mwenyewe, shika.

Besi ina nyuzi E, A, D, G. Uzi wa G ukiwa wazi ni Hz 98. Uguse kwa wepesi kwenye moja ya saba ya urefu wake (kwa uzi wa mm 1050, ni mm 150 kutoka kwenye kizingiti cha juu) upate hamoniki ya 7 (sauti nyembamba, mara 7 ya uzi wazi): Hz 686. F ya piano iliyo karibu ni Hz 698.5, kwa hiyo hii iko senti 31 chini yake, tukikumbuka kwamba nusu toni ni senti 100. Fidla ya skodatura (yaani ile iliyotyuniwa kivyake) inapandisha uzi wake wa E kutoka 659 hadi hiyo 686, ambayo ni senti 69. Hapo hujafika nusu toni, na robo toni umeshaipita. Nyuzi zake nyingine zinafuata kwa kwinti, pengo la kawaida la nyuzi za fidla: A 457.3, D 304.9, G 203.3.

Viola inachukua hamoniki ya 5 ya uzi wa A wa besi. 55 mara 5 ni 275, unagusa mm 210. Uzi wake wa D unashuka kutoka 293.7 hadi 275, senti 114. Halafu A 412.5, G 183.3, C 122.2.

Kwa hiyo una ala mbili zisizopatana na okestra, na zenyewe kwa zenyewe zimeachana senti 183. Kila moja ina nyuzi nne, na kila uzi una ngazi yake ya hamoniki. Umezihesabu kama watu wawili, wakati zimekuja na ngazi nane ngeni.

#3 MtaaWaPili
NotaKavu kajitakia 😂 Naweka kiti.

#4 BintiFilimbi
FundiDaraja hesabu zako safi, ila usimvunje NotaKavu mapema hivyo. Okarina ni chombo cha ajabu. Haina bomba refu kama filimbi. Ni tungi la hewa, na sauti yake inategemea ukubwa wa tungi na jumla ya eneo la matundu yaliyofunguliwa. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, hairuki oktava kwa kupuliza zaidi kama filimbi, kwa hiyo uwanja wake ni mfupi. Pili, pumzi ikiongezeka nota inapanda, ikipungua inashuka, na vidole vikiwa palepale. Mpigaji akitaka kupiga kwa sauti ndogo, nota inashuka. Akitaka kubwa, inapanda. Sasa mpe chombo hicho mpiga oboe ambaye midomo yake imezoea shinikizo kubwa la mwanzi, mwambie apige koral (wimbo wa mtindo wa kanisani) pamoja na wenzake. Kila mmoja atakosea kwa upande wake, na hakuna mazoezi yatakayoondoa hilo lote. Ligeti alilijua na alilitaka.

Dawa ya waongozaji wengi ni kuzipasha moto mikononi kabla ya zamu, maana okarina baridi iko chini, na kuchagua za kiwanda kimoja. Wengine hawachagui makusudi, wakidai kwamba zikilingana sana koral inageuka kinanda cha kanisani.

#5 Sikio Kamili
BintiFilimbi yote kweli, lakini okarina zinaonekana kwenye koral ya sehemu ya pili. Konseto ina sehemu tano: Praeludium; Aria, Hoquetus, Choral (hizi tatu ni sehemu moja, ya pili); Intermezzo; Passacaglia; Appassionato. Ukungu unaanza kwenye sekunde za mwanzo kabisa za Praeludium, ambapo fidla ya mbele inasugua nyuzi wazi kwa sauti ndogo kama upepo, kisha viola na fidla za skodatura zinaingia na hamoniki zao. Hapo ni nyuzi tu, okarina bado ziko mezani. NotaKavu ajibu hilo.

#6 NotaKavu
Najibu. Mwanzo ule ni mzuri, ila unameta tu. Mtu asiyeambiwa atadhani ni upigaji wa hamoniki wa kawaida. Hisia ya "hawa wameachia" inakuja kwenye koral. Tofautisheni kumeta na kuachia.

#7 PembeTupu
Mnasahau shaba. Pembe ni mbili, na zina nota zilizoandikwa hamoniki za asili, yaani mpigaji asizisahihishe kwa mkono wala kwa vali. Ile ya 7 iko senti 31 chini, ya 11 senti 49 chini, ya 5 senti 14. Mpiga pembe amefunzwa maisha yake yote kuzificha nota hizo. Tatizo la mazoezini liko hapohapo, mkono ndani ya kengele unasahihisha wenyewe bila kuambiwa. Mwongozaji asipokuwa na sikio, nota za 7 zinarudi kwenye usawa wa piano na hakuna anayegundua, ila kazi imepauka.

Ligeti alianza mambo haya kwenye trio ya pembe, fidla na piano ya 1982, na akayafikisha mwisho kwenye konseto ya pembe ya Hamburg ya 1998–99, ambayo ndani ya okestra ina pembe nne nyingine za asili. Ukitaka kuielewa konseto ya fidla isikilize katikati ya hizo mbili.

#8 KijanaWaMengo
Mimi naona nyote mnatafuta jibu kwenye senti na liko kwenye mapigo. Ile sehemu inayoitwa Hoquetus ni amadinda tupu. Amadinda ya Buganda ina vipande 12 vya mbao. Mpigaji wa kwanza, omunazi, anapiga mfuatano wake ulio sawa. Wa pili, omwawuzi, anaingiza wake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake, kama meno ya zipu. Wa tatu, omukoonezi, anadokoa kwenye vipande viwili vya juu. Wawili wa kwanza wanapiga mapigo yaliyo sawa kabisa, lakini msikilizaji anasikia ruwaza zenye kuruka ambazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik alijifunza hayo Uganda kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, akayaandikia mwaka 1962. Ligeti alimsoma Kubik. Kwa hiyo sikio linachanganyikiwa kwa sababu linasikia muziki usiopigwa na mtu, na mnauita ukungu.

#9 Sikio Kamili
Kijana, punguza kidogo hapo kwenye "tupu". Chanzo cha kwanza cha Afrika kwa Ligeti kilikuwa pembe za Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, zilizorekodiwa na mtafiti Simha Arom. Mwanafunzi wake Roberto Sierra, wa Puerto Rico, ndiye aliyempelekea rekodi mwaka 1982. Kule kila mpiga pembe ana nota moja tu, na wimbo unazaliwa kwa kupokezana. Baadaye Ligeti akaandika hata dibaji ya kitabu cha Arom kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1991. Na neno hoquetus lenyewe, yaani kupokezana nota, ni la Ulaya ya karne ya 13 na 14, mtunzi Machaut anayo. Ligeti alikuwa mkusanyaji, kila alichookota alikiyeyusha.

Tena ukitaka Afrika kwenye okestra yake, konseto ya piano ya 1985–88 ndiyo yenyewe. Sehemu ya kwanza ina vipimo viwili kwa wakati mmoja, 12/8 na 4/4, na hakuna anayeshinda.

#10 KijanaWaMengo
Dibaji nakubali. Lakini mapigo ya zipu ni ya kwetu, siyaachii.

#11 MtaaWaPili
Swali la mtu wa nje: Ligeti si ndiye wa ile filamu ya anga, yenye sauti kama nyuki elfu? Mbona ile haisikiki kama imeachia, na nota zimejaa kuliko hapa?

#12 Mama Robotoni
Swali la mtu wa nje limepiga kuliko ya ndani. Ile ni Atmosphères, ya 1961, iliyopigwa mara ya kwanza Donaueschingen chini ya Hans Rosbaud. (Kwenye filamu hiyo, 2001: A Space Odyssey, zipo pia Requiem, Lux aeterna na Aventures, na Ligeti hakuombwa ruhusa ipasavyo.) Wapiga nyuzi wa Atmosphères ni 56 na kila mmoja ana karatasi yake: fidla 14 na 14, viola 10, selo 10, besi 8. Ngoma hazimo kabisa, ila wapo wawili wanaopangusa nyuzi za piano kwa brashi. Mwanzo unajaza nusu toni zote kwa oktava zaidi ya tano. Na haina robo toni hata moja, iko ndani ya zile 12 za piano mwanzo mpaka mwisho.

Haisikiki kuachia kwa sababu haina cha kuachia. Sikio halina wimbo wa kushika. Konseto ya fidla inakupa wimbo. Aria ya sehemu ya pili, ile inayoanza peke yake kwenye uzi wa G, ni wimbo wa zamani wa Ligeti mwenyewe, umetoka kwenye kipande cha 7 cha Musica ricercata ya piano ya 1951–53, na upo pia kwenye Bagatelles za wapulizaji watano. Mwepesi, una harufu ya kijijini. Sikio likishauamini wimbo huo, okarina zikija senti 20 pembeni unashtuka. Kwa hiyo mimi nasema chanzo cha ukungu ni ile Aria. Skodatura na okarina zote ni wasaidizi.

#13 FundiDaraja
Hoja nzuri bibie, ila ikikubalika Intermezzo inabaki bila maelezo. Pale hakuna wimbo wa kijijini.

#14 Mama Robotoni
Intermezzo fidla ya mbele inaimba juu, chini yake mistari inaporomoka nusu toni kwa nusu toni. Wimbo upo.

#15 UdiNaKanuni
Kwa masikio ya pwani hizi senti si ngeni. Aliyekulia kwenye taarabu ya Unguja na maqam bayati (moja ya ngazi za nota za Kiarabu) hashtuki na nota iliyo kati ya vipande vya piano. Ligeti kaingia kwenye robo toni zetu tu.

#16 Mama Robotoni
Hapana mwalimu. Daraja la pili la bayati liko karibu na senti 150 juu ya la kwanza, na linasimama hapo kwa sababu wimbo unalihitaji. Senti 31 za hamoniki ya 7 zimetokana na mgawanyo wa uzi, na kwenye konseto hazina maqam. Robo toni halisi Ligeti aliitumia kwenye Ramifications, 1968–69: wapiga nyuzi 12, kundi moja limetyuniwa robo toni juu, A yake karibu 453 mwenzake akiwa 440. Unajua kinachotokea? Wapigaji wanasikilizana. Wa juu wanashuka kidogo, wa chini wanapanda kidogo bila kukusudia, na robo toni inayeyuka kuwa vitu vidogo visivyo na jina. Ligeti aliyaona hayo na hakuyakataa.

#17 UdiNaKanuni
Nimepokea, ila bayati itabaki tamu kuliko Ramifications.

#18 FundiDaraja
Hilo la kuyeyuka ndilo adui mkubwa wa konseto ya fidla. Kwa wanaotaka kuiandaa, mambo yanayoharibika ni haya.

Kupandisha fidla nzima senti 69 kunaongeza mvuto wa nyuzi kwa asilimia 8 hivi, kwa sababu mvuto unakwenda kwa mraba wa Hz. Seti ya kawaida inavuta jumla ya kilo 22 hadi 25, kwa hiyo unaongeza karibu kilo mbili. Daraja linaegemea upande wa ubao wa vidole kila unapopandisha. Lisimamishe wima kabla halijapinda, na lifanye nyuzi zikiwa zimelegezwa kidogo. Uzi wa E ndio unaokatika. Tumia seti nyepesi. Viola ni kinyume, inapoteza asilimia 12, uzi wa C unakuwa mlegevu, unachelewa kuitika, na upinde ukibonyezwa nota inayumba. Huko weka seti nzito. Ala zote mbili ziwe za ziada, zikae kwenye tyuni hiyo siku kadhaa kabla ya zoezi la kwanza. Ukimwambia mtu atyuni ala yake jioni ileile kisha airudishe kwa ajili ya kazi ya Haydn baada ya mapumziko, utapata zote mbili zikiteleza.

Hila ya mashine ya kutyuni: ya fidla iweke A = 457, ya viola A = 412, kisha tyuni kama kawaida. Mashine nyingi zinakubali 410 hadi 480, kwa hiyo zote zinaingia.

#19 Sikio Kamili
Hizo ni kwa okestra yenye A = 440. Ikiwa 442 ni 459 na 414. Tena mashine inakuua sehemu moja: besi nyingi zinatyuniwa kwa kulinganisha hamoniki ya 3 ya uzi mmoja na ya 4 ya mwingine. Ukianza na A 55 kwa njia hiyo, G inatua 97.8 badala ya 98, na hamoniki yake ya 7 inakuwa 684.4. Senti 4 tayari zimepotea. Ndiyo maana fidla itwae nota yake kutoka kwa besi yenyewe, jukwaani, wakiwa wamekaa karibu. Besi ashike hamoniki, fidla apandishe taratibu hadi mawimbi (kuyumba kwa sauti mbili zisizolingana) yakome. Ukisikia mawimbi mawili kwa sekunde, uko Hz 2 nje. Viola afanye hivyo na uzi wa A.

Mwenye sikio kamili, anayetambua kila nota bila msaada, asipewe ala hizi. Vidole vinasema nota moja, sikio linasema nyingine, na baada ya kurasa mbili anaanza kurekebisha. Hapo skodatura imekufa na FundiDaraja kabaki na hesabu zake.

#20 NotaKavu
Sasa mnanisaidia mimi! Kama wapiga skodatura wenyewe wanarekebisha bila kujua, na mkono wa mpiga pembe nao unarekebisha, basi kinachobaki kisichoweza kurekebishwa ni okarina.

#21 FundiDaraja
Hamoniki kwenye uzi wazi haina kidole cha kuirekebisha. Soma tena #2.

#22 PapaKadenza
Nimechelewa. Kabla hamjachinjana, mnasikiliza rekodi gani? Mpiga fidla Gawriloff na mwongozaji Boulez (Ensemble Intercontemporain, Deutsche Grammophon, diski moja na konseto za piano na selo) ni safi mno, kila senti mahali pake, ukungu unaonekana kama kioo. Kopatchinskaja na Eötvös pamoja na Ensemble Modern ni vumbi na cheche. NotaKavu akisikiliza ya kwanza na FundiDaraja ya pili hamtakubaliana hadi kiama.

Tena ubishi wenu unategemea mnasikiliza toleo lipi. Mwaka 1990 pale Köln, Saschko Gawriloff alipiga sehemu tatu tu, Gary Bertini akiongoza. Ligeti akaitupa sehemu ya kwanza, akaandika mpya, akaongeza mbili. Tano zikapigwa Köln tarehe 8 Oktoba 1992, Eötvös akiongoza. Ile iliyotupwa haikupotea yote: kadenza (kipande cha fidla ya mbele peke yake) ya Gawriloff kwenye sehemu ya mwisho imeshonwa kwa vipande vyake. Mpigaji anaruhusiwa kuleta yake pia. Thomas Adès ameandika moja, Augustin Hadelich ameirekodi. Kopatchinskaja ana yake. Sharti ni kwamba kadenza isijimalizie kwa heshima. Okestra inamkatiza.

#23 MtaaWaPili
Kama kikao cha ukoo.

#24 Sikio Kamili
Kuna jambo linanisumbua tangu #5. Konseto ya fidla ya mtunzi Alban Berg ya 1935 nayo inafunguka kwa fidla kupanda na kushuka juu ya nyuzi wazi, G D A E. Hata safu yake ya nota 12 imejengwa hivyo: nota ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7 ni nyuzi za fidla, na nota za katikati zinazigeuza kuwa akodi za mainori na za mejari kwa zamu. Berg anatumia nyuzi wazi kama ardhi. Ligeti anaanza palepale, kisha anamletea mpigaji ala mbili zenye nyuzi wazi pia, ila za ardhi nyingine. Ukiitazama hivyo, koral ya okarina inajibu koral ya Bach ambayo Berg aliiweka sehemu ya mwisho, ile *Es ist genug*, klarineti zikiipiga kama kinanda cha kanisa.

#25 Mama Robotoni
Kufanana kwa ufunguzi nakubali. "Inajibu" umeweka mwenyewe.

#26 PembeTupu
Mimi nangoja mtu anieleze Passacaglia. Mstari unapanda nusu toni kwa nusu toni, polepole, kwa sauti ndogo sana, unavimba hadi kupasuka. Humo kila kitu kinakutana: pembe, skodatura, wapulizaji. Kama NotaKavu ana haki, ukungu ungepungua pale ambapo okarina hazina kazi kubwa. Mimi nausikia unazidi.

#27 NotaKavu
Nimeisikiliza sasa hivi, ya Boulez. Siusikii ukizidi.

#28 PapaKadenza
Ya Boulez! Nilisema nini #22?

#29 BintiFilimbi
NotaKavu, jaribu Frank Peter Zimmermann na Asko Ensemble, Reinbert de Leeuw akiongoza. Ukifika Passacaglia, sikiliza hamoniki za nyuzi kabla ya pembe kupanda, halafu rudi kwenye koral ya sehemu ya pili ulinganishe kwa sauti ileile, usiguse kitufe. Ukiongeza sauti kwenye koral peke yake, lazima okarina zishinde.